Muulize Waya wa Breki

Safu ya wenye shida za magurudumu, kutoka stendi ya Katito

Tangu habari zifike hapa kwamba kule Maasai Mara kuna watu wanaoendesha baiskeli kama kilomita 650 kwa siku 4, wakilala kwenye mahema na kuamka kuendelea, sanduku langu la barua halifungiki. Mashindano hayo, Migration Gravel Race, yalianza mwaka 2021, lakini habari nazo husubiri matatu ijae Ahero ndipo zije. Nimesoma barua zote. Karibu kila mmoja anauliza baiskeli ipi. Wachache wanauliza kuhusu tumbo, makalio na mke, na hivyo ndivyo vinavyorudisha watu nyumbani mapema.

*

Waya mpendwa,

Mimi ni mtu wa ngware tangu ujana. Nimebeba makaa kutoka Sondu, nimebeba kreti za soda, nimebeba mama, kuku wake na mtoto mgongoni hadi Ahero, wote kwa safari moja. Wenzangu wamehamia pikipiki, mimi nimebaki na Black Mamba yangu. Sasa nasikia hao wa Mara hawabebi kitu ila chupa ya maji. Kweli nahitaji mazoezi, ama niende tu nikachukue pesa zao?
Miguu ya Chuma, Katito

Mpwa wangu Miguu, nakuvulia kitambaa. Kazi yako ilizaliwa mpakani Busia miaka ya 60, watu wakivushwa kutoka upande huu hadi ule, ikaja Kisumu ikapewa jina la ngware. Ilitawala barabara hadi 2008, serikali ilipoondoa ushuru kwenye pikipiki ndogo, na kila kijana akataka kitu kinachonguruma. Wewe uliyebaki una mapafu ambayo watu wa Nairobi huyatafuta jimu kwa malipo ya kila mwezi.

Lakini kazi yako ni ya vipande. Unabeba, unashusha, unakaa chini ya mti kubishana kuhusu Gor Mahia mpaka mteja mwingine atokee. Kule ni kilomita 160 hivi leo, kesho tena, kesho kutwa tena, na ukijumlisha vilima vyote vya siku hizo 4 unapata karibu mita 8,000 za kupanda. Hiyo ni sawa na kutoka ziwani hadi Kericho mara nane au tisa, bila kuteremshwa na lori la majani chai.

Kwa hiyo anza na masaa unayoyamudu bila kulala kitandani siku nzima inayofuata. Jumamosi hii masaa matatu, Jumamosi ijayo matatu na nusu. Ongeza hivyo hivyo kwa wiki tatu, ya nne upunguze. Hii wiki ya kupunguza ndiyo inayowashinda wanaume wa Nyakach, kwa sababu hakuna anayempigia makofi mtu aliyelala. Nami nakwambia misuli hujengwa ukiwa umelala. Ukiwa juu ya pedali unaibomoa tu.

Pia uache kuzunguka Ahero. Uwanda wa Kano ni mzuri kwa mpunga. Geuza usukani kuelekea Nyabondo: ule ukuta unaouona ukiwa sokoni haukuwekwa pale kwa ajili ya mandhari. Black Mamba ina gia moja, itakushinda, utashuka usukume. Usione haya. Hata kwenye mashindano makubwa watu husukuma, na anayesukuma bila kununa humpita anayejua kupanda tu. Ila kabla ya kujisajili, azima baiskeli yenye gia uizoee.

Kuhusu pesa zao, uliza kwanza ada ya kujisajili, kisha urudi ukae chini ya ule mti.

*

Waya,

Nimeuza ndume wangu wa pekee nikaleta baiskeli ya kaboni kutoka Nairobi. Naiinua kwa kidole. Lakini kati ya Katito na kwangu nimepata pancha hadi fundi amesema baiskeli imerogwa. Nimtafute nani?
Kidole Kimoja, Pap Onditi

Imerogwa na miiba. Umenunua fremu ya mbio za mlimani ukaivalisha matairi membamba ya lami, fundi naye akayajaza upepo mpaka yakakaribia kulia. Tairi gumu namna hiyo hurukaruka juu ya kila jiwe, halishiki njia, na wewe unarukaruka nalo. Tafuta tairi pana, la inchi 2 na zaidi kidogo, lenye meno. Jaza pauni 25 hadi 30 kulingana na uzito wako, nami sikuulizi uzito huo. Ukiweza, weka lile lisilotumia tyubu, linalotiwa maji ya mpira ndani: mwiba ukiingia, maji hukimbilia tundu yakaganda hapo hapo, nawe hujui hata kama ulichomwa.

Hata hivyo beba tyubu moja, pampu, viraka na sulushen, na ujifunze kuziba pancha kwa mikono yako mwenyewe, gizani, ukiwa na njaa. Fundi wako hatakuwepo Mara. Mlipe leo akufundishe badala ya kumlipa kila Jumamosi akuambie habari za wachawi.

Na kuhusu ndume: Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi akaja kushinda Tour de France mara 4, alipokuwa mvulana alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Kinjah hakuanza na kaboni. Alianza na kumchosha mtoto wa watu kwenye vilima. Ndume wako angekuwa bado analima, nawe ungekuwa na pesa za matairi.

*

Waya,

Kuna mashindano ya Mlima Kenya yanayoitwa 10to4, eti kwa sababu yanaanzia futi 10,000 na kushuka hadi 4,000. Kama ni kushuka tu, nahitaji nini zaidi ya kufunga kamba za viatu?
Mteremko, Nyabondo

Breki, kijana wangu. Jina la safu hii hukulisoma?

Hao wa Mount Kenya Trust huyaandaa kuchangia uhifadhi wa mlima, na ukidhani ni kuteleza tu utachangia meno pia. Njia ya kushuka haiendi chini moja kwa moja, inapanda katikati, ina mizizi, ina mabonde. Mikono ndiyo huchoka kwanza. Teremka kutoka kwenu hadi uwandani, panda, teremka tena, halafu jaribu kufungua kifuniko cha chupa. Ukishindwa, mazoezi yako ni hayo. Kagua vipande vya breki kabla ya kila mteremko mrefu, finya kidogo kidogo kwa vidole viwili, usining'inie kwenye breki moja kutoka juu hadi chini.

Na helmeti. Hapa naweka mzaha pembeni. Sule Kangangi, nahodha wa timu yetu ya baiskeli, Team Amani, alifariki kwa ajali Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani. Alikuwa na ujuzi ambao mimi na wewe hatutaupata. Kama yeye barabara ilimshinda, wewe unateremka na kofia ya Gor Mahia ukimtegemea nani?

*

Mpendwa Waya,

Shemeji aliye ng'ambo amenitumia katoni ya jeli za wanariadha. Nikila mbili naacha baiskeli njiani nakimbilia migombani. Wenye migomba wameanza kulalamika. Nifanye nini?
Mbio Mbili, Kusa

Mrudishie shemeji katoni yake, au uwauzie wenye migomba.

Mwili unaosukuma kwa masaa mengi unataka karibu gramu 60 za wanga kila saa, na zaidi kwa waliozoea. Hiyo ni ndizi mbili na kipande cha sukari nguru. Unaishi karibu na mashamba ya miwa ya Nyando, ambako sukari nguru hupikwa mchana kutwa, nawe unangoja sukari ije kwa posta! Rabuon, yaani viazi vitamu, ikichemshwa, ikamenywa, ikatiwa chumvi kidogo na kufungwa kwa karatasi, hukaa mfukoni bila kuharibika asubuhi nzima. Muwa wenyewe sikushauri. Nimeona mtu akijaribu kuutafuna huku akiendesha karibu na Awasi, na punda aliyekuwa barabarani hakuelewa.

Nyoyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iache hadi jioni. Maharagwe ni chakula cha mtu ambaye hana mtu nyuma yake. Ugali na omena jioni pia, hujenga. Nyuka, yaani uji, asubuhi, mapema, tumbo lipate nafasi.

La msingi ni hili: kula mazoezini kile utakachokula mashindanoni, kila dakika ishirini, hata kama huna njaa. Ukingoja njaa umechelewa. Tumbo nalo hufunzwa, na lako limefunzwa kula mara moja saa nane mchana kisha kulala. Maji kunywa kidogo kidogo na uyatie chumvi. Joto la huku chini unalijua, lakini ukinywa maji matupu ndoo nzima unaisafisha chumvi yote mwilini, kichwa kinazunguka, halafu unaniandikia kwamba umerogwa.

*

Kwa Waya,

Mimi ni mzee wa kanisa. Mwanangu amenipa kaptula ya kubana yenye godoro kwenye makalio. Naivaa juu ya nguo ya ndani na suruali ya kitambaa, kwa heshima. Bado natoka vidonda. Je, godoro hili ni feki?
Mzee Mnyenyekevu, Sondu

Jaduong', godoro ni zima. Tatizo ni heshima. Kaptula hiyo huvaliwa bila kitu chochote ndani. Ndiyo, umesoma vizuri, rudia sentensi hiyo polepole. Ule mshono wa nguo ya ndani ndio unaokuchinja. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuondoka, usiwe mchoyo. Ukifika nyumbani ivue mara moja, uifue, uianike juani, usikae nayo ukinywa chai. Ukihitaji heshima, vaa kaptula pana juu yake. Na mbele ya waumini paki baiskeli ukiwa umeketi.

Kabla ya kulaumu ngozi, angalia pia kimo cha kiti. Ukikalia kiti na kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kikiwa juu mno, makalio yako yatahubiri kushoto na kulia siku nzima.

*

Waya,

Mashindano ni Juni, kwa hiyo mazoezi yameangukia mvua za Aprili. Simu ilinionyesha njia ya mkato. Nikaishia ukingoni mwa korongo la Katuk Odeyo, magurudumu hayazunguki kwa udongo, na giza linaingia. Baiskeli ikawa nzito kuliko mimi.
Niliyepotea, Nyakach ya Chini

Simu haijui mvua imefanya nini. Lile korongo lilikuwa likimeza mashamba kabla wewe hujazaliwa, na ramani yako bado inadhani ni shamba. Njia za mashindano ya mbali hutolewa kwa faili ya ramani. Ipakie nyumbani, uifuatilie kwa macho kabla ya kuifuata kwa miguu, na uwaulize wachungaji. Mchungaji wa mbuzi wa Nyakach ana habari za asubuhi hii.

Udongo wetu mweusi ukilowa hauendeshwi. Ukianza kusikia tairi likinung'unika kwenye fremu, shuka papo hapo, baiskeli begani, tembea kwenye majani. Wanaolazimisha huvunja kile kipande kidogo kinachoshikilia gia za nyuma, na hicho hakiuzwi Katito. Ng'oa madigadi, beba kijiti cha kukwangulia. Ukifika mtoni osha cheni, ikaushe, itie mafuta ya cheni matone machache. Ile oili chafu unayopewa bure kwenye gereji ya pikipiki hukusanya vumbi lote la wilaya na kulisaga ndani ya cheni yako.

*

Majibu ya haraka.

Kwa Mfyatua Matofali, Nyabondo: hapana, homa haitoki kwa kupanda mlima. Mashimo mnayochimbia matofali hujaa maji, maji huzaa mbu, nao wanakujua. Pima malaria, maliza dawa zote, ulalie neti, na usirudi kwenye mazoezi makali mpaka kupanda ngazi kuwe tena jambo la kawaida.

Kwa Wachumba, Kendu Bay: kule Afrika Kusini kuna Cape Epic, siku 8, watu huenda wawili wawili, na hairuhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Sishauri muanze na hiyo. Anzeni na Katito na kurudi, mkiwa na upepo wa ziwa usoni, muone kama harusi bado ipo.

Kwa Mama Hataki, Pap Onditi: mwonyeshe mama picha za Nancy Akinyi wa Team Amani akiwa kwenye vumbi la Mara. Kisha osha vyombo vyote bila kuambiwa. Picha peke yake hazitoshi.

*

Waya wangu,

Mume wangu anajiandaa kwa mashindano. Jumamosi haonekani. Jumapili amelala. Jumatatu anasimulia. Ng'ombe hawajakamuliwa, maji hayajatekwa, na ameniambia nimpikie wali wa ziada kwa ajili ya "wanga". Nimkataze?
Mwenye Kukamua, Katito

Usimkataze. Mtu aliyekatazwa hujifunza kwa siri, halafu hospitali ndiyo inakupa habari.

Mwandikie ratiba, kama wanavyofanya makocha. Alfajiri, kabla jua halijawaka, mitungi ya lita 20, mmoja kila upande wa keria, kutoka kisimani hadi nyumbani, mara tatu: hayo ni mazoezi ya nguvu, na Miguu ya Chuma hapo juu ni ushahidi. Kukamua ni mazoezi ya vidole kwa ajili ya breki. Jumamosi aende, lakini akuonyeshe njia atakayopita na saa ya kurudi, na simu iwe na chaji. Jumapili alale mpaka saa nne, si zaidi. Wali apike mwenyewe, kwa sababu kule kambini atahitaji kujua tumbo lake linapenda nini, na wewe hutakuwepo.

Halafu Jumamosi moja kati ya nne, abaki na watoto, wewe uchukue baiskeli hadi Sondu. Akuteremshie kiti kwanza.

Akikataa ratiba, niletee hiyo baiskeli stendi. Nina mpwa wangu huko Kusa anayetafuta moja, mradi bei iwe ya familia.