Picha Yangu Inatafuta Mtani

Naomba mtu mmoja tu, katika Tabora nzima, aniambie picha yangu ni mbaya. Si mbaya hivihivi, maana hiyo hata shemeji yangu anaiweza bila kuitazama. Nataka mbaya yenye anwani: mbaya hapa, kwa sababu hii, ungesogea kule ingepona.

Sisi ni wapigapicha wa kujifurahisha. Hatulipwi, hatuna studio, na wake zetu wameambiwa nusu tu ya bei ya lenzi. Jumapili jioni tunakutana chini ya mwembe, mwenye kamera na kamera yake, mwenye simu na simu yake, picha zinazungushwa mkono kwa mkono ili tukosoane na kujengana. Ndivyo tulivyokubaliana siku ya kuanzisha kikundi. Kujengana kwenyewe ndiko huku.

"Kali!" anasema wa kwanza.

"Kali sana, mkuu," anasema wa pili.

Wa tatu yuko kwenye simu anabishana na fundi wake wa paa, picha hajaiona, lakini dole gumba limeshanyooka. Hapa kwetu ukipiga picha ya ndoo, kali. Ukibonyeza kwa bahati mbaya ikatoka ncha ya kiatu chako, kali, na yupo atakayeuliza kwa heshima ulikuwa unawaza nini.

Asiyesema "kali" anauliza, "Ulitumia lenzi gani?" Huyo hataki kujua nilisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, wala aliyemo kwenye picha alikuwa anacheka nini. Anataka namba, akalinganishe na zake, alale vizuri.

Kisha tunaye mwalimu. Mwalimu amesoma kanuni ya theluthi na haijui nyingine. Gawanya picha kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, jambo lako uliweke mistari inapokutana. Kanuni ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mwalimu alimpiga mkewe picha ya kitambulisho akamweka theluthi ya kushoto, theluthi mbili zilizobaki akauachia ukuta.

Mbaya kuliko wote ni yule anayesema, "Mimi sina la kusema," akavuta pumzi ndefu, akaipitisha picha kwa jirani. Kesho yake kijiwe kizima cha kahawa kinajua alilokuwa nalo, isipokuwa mimi.

Nichukue mfano. Nilikwenda Kwihara, kilomita zipatazo sita kutoka mjini, kwenye lile tembe ambalo sasa ni makumbusho. Ndipo Livingstone alipokaa mwaka 1872, kuanzia Machi hadi Agosti, akimsubiri Stanley amtumie wapagazi kutoka pwani. Mzee yule aliona miezi mitano ni mingi. Bahati yake hakuwa anasubiri maoni ya kikundi chetu. Basi jirani na hapo nikamkuta bibi mmoja ameketi mlangoni kwake, nikampa shikamoo, nikaomba ruhusa, nikampiga picha. Saa saba mchana, ukuta unawaka. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mjukuu wangu, huyu ni mimi au ni mlango?"

Sasa huo ndio ukosoaji. Sentensi moja, na ugonjwa mzima umo ndani. Kamera ikiachiwa ijiamulie hupima mwangaza wa eneo lote: ikikuta ukuta mweupe unameremeta inashusha kila kitu, na uso wa mtu mweusi aliyekaa mbele yake unazama gizani. Ni tabia ya kamera, mimi simo. Lakini nilipoipeleka picha ile chini ya mwembe, wanaume wazima wenye macho mawilimawili, hakuna aliyesema "ongeza mwanga kidogo, ukuta uungue ukitaka, mradi uso ubaki." Hakuna aliyesema "mwingize bibi kivulini." Walisema kali. Mmoja akaongeza, "Ina hisia." Hisia za nani, wakati uso hauonekani?

Ukiuliza, njia hii ya misafara, kutoka pwani hadi huku, haijawahi kuwa na bahati na wakosoaji wa picha. Kapteni Grant aliianza safari mwaka 1860 pamoja na mpelelezi mwenzake Speke, akiwa na kamera. Siku zile ulijifungia ndani ya kihema cha giza ukapaka kioo dawa, ukakimbia kupiga, ukarudi mbio kukisafisha kabla hakijakauka. Wakiwa bado mbali na huku, Speke akaona kwamba kwa joto lile mwenzake atafia humo, akairudisha kamera pwani. Grant akashika penseli na rangi za maji. Walipoingia Kaze, yaani hapa kwetu, Januari 1861, alikuwa mchoraji. Hayo ndiyo maoni ya dhati ya mwisho aliyopewa mpigapicha kwenye njia hii: rafiki yangu, acha, utakufa.

Stanley naye hakupata hata hayo. Alipofika London mwaka 1872 aliingia studio na Kalulu, kijana ambaye Stanley alipewa na mfanyabiashara mmoja Mwarabu hapahapa Unyanyembe, wakapigwa picha katika mandhari ya kuigiza, yeye kavaa mavazi aliyosema ndiyo ya siku ile alipomkuta Livingstone Ujiji. Picha zikauzwa. Sijasikia kama alitokea mtu wa kumuuliza, bwana, vumbi la Ugogo liko wapi? Nadhani walisema kali, kwa Kiingereza.

Sasa neema imetushukia kwa barua ya uhamisho. Amekuja mjini mhasibu mmoja, Mzaramo wa Kisarawe, ana kamera, na akakaribishwa mwembeni. Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni vichekesho vya kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo ya watu hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa na shanga, mwaka baada ya mwaka, na misafara mingi ilikatiza Uzaramo. Huko walilala, waliugua, walizikwa na watu wasiokuwa ndugu zao. Katika kupita huko ndiko utani wetu na Wazaramo ulikokomaa. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wako akalala penye kaburi akisema marehemu ana deni lake. Anaweza kuondoka na kuku wako. Na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umemkosea yeye, na faini utalipa.

Nikampa picha ya bibi wa Kwihara. Hakusema kali. Aliitazama, akaketi chini, akavua kofia.

"Mtani, poleni sana. Mmemzika lini?"

Mwembe mzima ukanyamaza. Akaendelea: ukuta umetoka vizuri mno, niupeleke kwa wauza saruji watanilipa. Na ile ndoo ya njano pembeni, ilikuja na bibi au nilikuja nayo mimi? Maana jicho lake, alisema, lilianzia kwenye ndoo, likakaa hapo, halikuona sababu ya kwenda kwingine. Kisha akajifuta machozi ya kicheko akanielekeza kwa utulivu: rudi saa kumi na moja jioni jua likilegea, mkalishe ndani kidogo ya mlango, piga goti macho yako yalingane na yake. "Mtu mzima humpigi ukiwa umemsimamia kama mdai kodi."

Damu ilinipanda, sifichi. Lakini mila imenifunga mikono. Kumkasirikia haiwezekani, kumjibu "wewe umesomea wapi" haiwezekani, na jambo la kuudhi kuliko yote ni kwamba kila alilosema linatekelezeka.

Jumapili iliyofuata nikampa machweo ya bwawa la Igombe. Kila mpigapicha wa Tabora ana machweo ya Igombe, kwa hiyo nilijua hapa hana pa kushika. Akainamisha kichwa upande.

"Mtani, bwawa linamwagika. Wiki ijayo mtakunywa nini?"

Nikamweleza kwamba Tabora iko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na nchi ya huku ina miteremko yake ambayo mtu wa minazini hawezi kuifahamu. Akaniuliza kama na maji ya huku yana mteremko. Watu wa pwani wana majibu ya haraka kwa sababu hawana kazi nyingine.

Yametokea mengine ambayo katiba ya kikundi haikuyaona. Mwenzetu mmoja, mtu wa Bukoba, ambaye kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumgusa, alimpa mhasibu picha yake kwa mikono miwili. Mhasibu akaitazama kwa adabu kubwa, akasema, "Nzuri, ndugu yangu. Hongera." Mtu wa Bukoba akanuna. "Mbona yeye umemwambia?" Akajibiwa, "Yule ni mtani wangu. Wewe ni mtu wa heshima." Tangu hapo mtu wa Bukoba anapiga simu kwao kuuliza kama kuna bibi yeyote wa upande wa mama aliyeolewa kutoka Unyamwezi. Na mwalimu, ambaye ni Mnyamwezi mwenzangu wa damu kabisa, ameanza kusema kwamba kwa kweli ukoo wake una mashaka.

Gharama nazo zipo. Mhasibu ameondoka na stendi yangu ya kamera, eti ni kifuta jasho kwa macho yake yaliyoumia, na ataikomboa mwenye soda sita na mbuzi. Mbuzi tutazungumza. Soda nimeshazinunua, kwa sababu Jumapili hii ni zamu yake kuleta picha, na nataka awe ameketi na ametulia. Mtu wa Bukoba amekwisha kuniibia siri. Ni picha ya mama mkwe wa mhasibu, imepigwa Kisarawe, mwenyewe anaipenda sana, na mnazi wa nyuma umesimama wima katikati ya utosi wa mama wa watu, na nazi zake zote. Maneno ninayo, nimeyaandika kwenye karatasi nisije nikaruka hata moja. Nimemwomba mwalimu asifungue mdomo kabisa kuhusu theluthi mpaka nitakapomaliza.