Muulize Shangazi wa Mpakani: Nusu Siku, Nusu Bei

Salamu kutoka Tunduma, mji ambao kila mtu yuko safarini isipokuwa malori. Wiki hii simu yangu imejaa kilio cha aina moja. Kuna video inazunguka kwenye magrupu: watalii wanapandishwa boti Venice, wanapitishwa visiwa vitatu kwa nusu siku na kwa bei poa. Hapa wanaona vioo vinapulizwa, pale wanaona lesi inashonwa, saa ya chakula wamesharudi. Basi mkoa mzima wa Songwe, ambao ufukwe wake wa kujivunia ni ukingo wa Ziwa Rukwa, umeamka unataka visiwa vya mafundi. Nimejibu wachache. Wengine msinune, ugonjwa wenu ni uleule.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva, nimo kwenye foleni na mzigo wa Kongo. Wakala anasema karatasi bado, kwa hiyo nina nusu siku ya bure. Utingo atabaki na gari. Je, huku kwetu kuna visiwa vya mafundi niende asubuhi, mchana niwe nimerudi?*
*– Usukani Mkononi, Chapwa*

Marahaba, mwanangu. Hao wa kwenye video waliandaliwa mambo zamani sana. Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru tanuri za vioo zihamishiwe Murano, kisiwa cha jirani, kwa kuogopa moto usije ukateketeza mji uliojaa nyumba za mbao. Leo, zaidi ya miaka 700 baadaye, mgeni anatoa hela yake apelekwe kwenye moto uleule uliofukuzwa. Na nusu siku inawatosha kwa sababu Murano inaonekana ukiwa umesimama mjini.

Sisi mafundi tunao, ila hawaonekani kutoka Chapwa. Wako Ikombe, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Ni wanawake wa Kikisi, wafinyanzi, ambao vyungu vyao umevipita mara nyingi vimepangwa chini sokoni Tukuyu na Mbeya. Ikombe si kisiwa, ni rasi. Lakini Milima ya Livingstone imekibana kijiji hicho majini kiasi kwamba mgeni huenda kwa mtumbwi kutoka Matema, au kwa miguu kama magoti yake bado yanamtii.

Sasa tupige hesabu. Tunduma hadi Mbeya ni kama kilometa 100, na wewe ndiye unayejua malori ya wenzako yanavyokwenda pale kwenye miinuko. Mbeya unabadilisha gari, unashuka kwa Uyole na Tukuyu hadi Kyela. Kyela unatafuta Noah ya Ipinda na Matema, ambayo haiondoki mpaka ijae, na ikijaa bado inaongeza. Matema ndipo mtumbwi unapoanza. Nusu siku yako, baba, itaishia Tukuyu umeshika mfuko wa parachichi.

Ushauri: ondoka Ijumaa alfajiri, ulale Matema. Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, hapo hapo jirani na Matema. Wahi soko mapema, kisha kabla ya mchana panda mtumbwi uende Ikombe ukaone vinakotoka. Jumapili rudi. Kuhusu foleni usiwe na wasiwasi, utaikuta. Ila mfundishe utingo kuendesha, maana foleni ya Tunduma ina tabia ya kusogea siku ambayo mwenyewe hayupo.

*Shangazi, nauza vitenge hapa mpakani. Mume wangu ametupangia safari ya Ikombe, watu 14, na anajisifu kwamba amebana matumizi. Amepata mtumbwi wa mvuvi kwa bei ya chini kabisa, ameondoa laifu jaketi kwenye bajeti kwa sababu "wote tumekulia mtoni", na tutaondoka saa nane mchana ili tuokoe hela ya kulala. Nimwamini?*
*– Doti Tatu, Tunduma*

Mwanangu, mumeo anajua kukata, ila amekata nyama akabakiza mfupa. Tumrekebishe bila kumvunjia heshima.

Kwanza, mto si ziwa. Nyasa ina urefu wa zaidi ya kilometa 500, na sehemu yake yenye kina kirefu kabisa inafika mita 700 hivi. Kwenye maji ya kina hicho hakuna anayesimama kwa vidole. Laifu jaketi irudi kwenye bajeti, kila mtu na yake, na ivaliwe kabla ya kupanda. Ukiiacha chini ya kiti, umelipia mto wa kukalia.

Pili, saa nane mchana ndiyo saa ya kosa. Upepo wa mwera hutoka kusini, na huvuma kwa nguvu zaidi kuanzia Mei hadi Agosti. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa, kwa hiyo wimbi linalofika pale limepewa ziwa zima la kukimbilia. Asubuhi maji huwa yametulia, kasia linaenda kwa adabu na watu wanaimba. Mchana huohuo wanaoimba huanza kusali. Ondokeni mapema, na nahodha akitazama ziwa akasema leo hapana, msimwongezee hela abadili mawazo. Msikilizeni.

Tatu, watu 14 wagawanywe kwenye vyombo viwili. Bei ipatanwe ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kabla ya kupanda, na nusu ilipwe mkishakanyaga mchanga wa Matema. Anayepatana kwenda tu atagundua Ikombe kwamba bei ya kurudi ina macho, inaona jua linavyozama.

*Shangazi, mimi ni mfanyabiashara. Nataka kwenda Ikombe kununua vyungu nije kuuza Mlowo. Nimesikia udongo wanachimba bure, hawatumii umeme wala mashine, kwa hiyo gharama yao ni sifuri. Nianzie bei gani ili nisionekane mshamba?*
*– Jicho la Faida, Mlowo*

Ushaonekana. Lakini kaa hapa nikuonyeshe hiyo sifuri.

Udongo unachimbwa na kubebwa kichwani. Unapondwa, unachambuliwa mawe na mizizi, unakandwa mpaka ulainike. Mama anakaa chini, anatwaa bonge, analitoboa katikati kwa ngumi, kisha anaanza kuupandisha ukuta wa chungu kwa vidole, mkono mmoja ndani, mwingine nje, akizungusha na kukwangua. Tazama ukingo: unakuwa mwembamba, umelingana pande zote, na hakuna rula wala kipimo kilichotumika. Kikikauka kidogo anakisugua kwa kokoto laini mpaka king'ae, ndipo anapaka rangi nyekundu na nyeupe za udongo. Kisha kinaachwa kikauke sawasawa, maana chungu kibichi kikiingia motoni hupasuka. Kuchoma ni uwanjani, kwa kuni na nyasi, na hapo ndipo roho za watu hukaa mkononi. Upepo ukigeuka, kazi ya siku nyingi inakuwa vigae. Vile vilivyobaki vizima vinapakiwa kwenye mtumbwi, vinavuka hilo ziwa nililokwisha kulieleza, vinafika Lyulilo. Hapo wewe unatokea na tochi ya simu unatafuta kasoro ili upunguziwe.

Mfanyabiashara mwenye akili hafanyi hivyo. Kwanza anapima: anakiinua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia kwa sauti ya wazi, kizima. Kikilia butu, kina ufa hata kama huuoni. Pili, anapatana kwa wingi, si kwa unyonge wa muuzaji. Ukichukua 30 kwa mpigo, mama mwenyewe atakuongezea kimoja. Ukichukua kimoja ukadai robo ya bei, atakutazama tu, na wenzake watacheka kwa Kikisi.

Faida yako haiko kwenye kumkamua mfinyanzi. Iko kwenye kufika Mlowo na vyungu vizima. Vipange kwenye tenga, majani makavu ya mgomba katikati, vidogo ndani ya vikubwa, na usikubali konda akavitupe juu ya gari eti "vitakaa tu". Vitakaa, ndiyo, vipande vipande. Na mteja wako mwambie: chungu kipya kisikimbizwe kwenye moto mkali. Kilowekwe maji, kipikiwe uji kwanza kinywe ule utelezi, ndipo kiingie maharage. Ukimwambia hivyo atarudi kukushukuru badala ya kurudi na vigae.

*Shangazi naomba usinitaje jina. Mchumba wangu ameona video ya visiwa, anasema mwanaume asiyempeleka mpenzi wake kwenye boti hana mipango. Mfukoni nina nauli ya kufika Ndolezi tu. Je, Kimondo kinaweza kuhesabika kama kisiwa?*
*– Mapenzi na Mfuko, Vwawa*

Hakiwezi, ila kinaweza kukuokoa. Mwambie hivi: kile ni chuma chenye nikeli ndani yake, makadirio yanasema kina uzito wa kati ya tani 12 na 16, kimetoka angani, na kimefika Mbozi bila nauli. Wenyeji walikijua zamani. Wataalamu walikuja kukijua mwaka 1930. Hakuna mgeni mwingine aliyesafiri mbali hivyo akaamua kubaki kwetu moja kwa moja, hata daktari hajabaki.

Baada ya Kimondo, fungua kibubu. Kikifikisha nauli ya Kyela ya watu wawili, nenda naye. Asipokubali kusubiri mpaka hapo, mwanangu, boti anayoitaka ina mwenyewe.

*Shangazi, nimepata njia ya mkato. Mto Songwe unapita kwetu Ileje na unamwaga maji Ziwa Nyasa. Kwa nini nipande magari manne wakati maji yenyewe yanaelekea huko? Nataka kushuka na mtumbwi mpaka ziwani, nikate kona niingie Ikombe.*
*– Mwenye Dira, Ileje*

Dira unayo, bwana, ramani ndiyo huna. Mto huo ndio mpaka wetu na Malawi, na ule ukanda wa chini una sifa ya kufurika na kubadilisha njia mvua zikizidi. Unaweza kuanza safari Mtanzania, ukapata kiamsha kinywa ugenini, ukarudi nyumbani kwenye kona inayofuata, bila mhuri hata mmoja kwenye pasipoti. Mamba wa kule hawaulizi pasipoti kabisa.

Ukinusurika ukafika ziwani, utaingia kwenye mjadala mwingine. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 ndio unaotumiwa na Malawi kusema mpaka uko ufukweni kwetu. Tanzania inasema uko katikati ya maji. Mabwana wakubwa wamezungumza miaka mingi hawajamaliza. Sidhani kama mtumbwi wako ndio utakaoumaliza mjadala huo. Panda gari.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mfinyanzi. Wageni wa Songwe wanakuja kwetu kila Jumamosi, wanatupiga picha, wanauliza kwa nini hatuna haraka. Sasa nami nataka kuja kwenu, nusu siku, bei nafuu, nione malori. Mnapokea wageni?*
*– Mikono ya Udongo, Ikombe*

Marahaba, mama, karibu sana. Kwako nusu siku inatosha, kwa sababu malori utakayoyaona asubuhi ndiyo utakayoyaona mchana, sehemu ileile. Tangu mwaka 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha na Zambia, kizuri, kwa hiyo karatasi za nchi zote mbili zinakaguliwa chini ya paa moja, na foleni ya nchi zote mbili unaitazama kwa mara moja bila kiingilio.

Ukitaka kumpiga picha dereva, muombe kwanza, kisha umnunulie chai, maana yuko kazini. Muulize mzigo wake ni wa nani na amekaa siku ngapi, halafu mwambie: "Gharama yako ni sifuri, si unakaa tu?" Jibu atakalokupa liandike vizuri ulihifadhi. Jumamosi mnunuzi wa Mlowo akija na bei yake, msomee neno kwa neno.