Mama Mkwe Anasahihisha Mombasa

Orodha za vivutio vya Mombasa, zote nilizowahi kuzisoma, zina kasoro moja: zinakwambia uende wapi, hazikwambii uende saa ngapi. Ukiandikiwa orodha ya Nairobi, sawa, makumbusho ya saa nne asubuhi na makumbusho ya saa nane mchana ni yale yale. Hapa kwetu sivyo. Kitu kilicho starehe saa mbili asubuhi huwa adhabu saa saba mchana, na saa kumi jioni pengine hukioni kabisa, kimefunikwa na maji.

Mama mkwe wangu alikuja Disemba na orodha ya namna hiyo. Wengine huziacha orodha zao kwenye simu. Yeye aliinakili kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa mtu aliyefundisha darasa la tatu hadi akastaafu, kisha akapiga mstari wa wima kwa rula. Kushoto vivutio. Kulia nafasi tupu, na juu yake: Alama, /10.

Anatoka Kitale, mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako sweta ni sehemu ya adabu. Alishuka kwenye treni pale Miritini akiwa na sweta ya sufi, na juu ya sweta, koti. Nikamwomba nimbebee koti.

"Hapana, mwanangu. Jioni kutapoa."

Jioni hakukupoa. Usiku hakukupoa. Asubuhi koti lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, na halikutajwa tena na mtu yeyote.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu ukwe. Shangazi yangu akisema saa sita mchana twende mjini, namwambia, "Shangazi, kaa unywe maji, jua hili si la watu." Mama mkwe humwambii hivyo. Mama mkwe akisema saa sita, wewe unatafuta kofia. Nilimtegemea mke wangu aseme, kwa kuwa mamake ni wake, lakini mke wangu alikua akifundishwa na mamake darasani, na hadi leo haongei kabla ya kunyoosha mkono.

Basi saa sita tukaenda kwenye zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Tuktuk ilitushusha katikati ya barabara, kwenye kile kisiwa chembamba kilicho kati ya magari yanayoenda na yanayorudi, na tukasimama pale huku makanga wa pande zote mbili wakitubembeleza tupande matatu. Watu wote hupiga picha hapo. Sijui ni nani aliyewahi kuipenda picha yake. Ukisogea mbali pembe zitoshee, gari linakupita mgongoni. Ukikaribia, unapata mtu na bati.

Nilimhadithia yale tuliyohadithiwa na wazee wa mji: kwamba pembe za kwanza ziliwekwa mwaka 1952, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipotarajiwa kupita hapa akapande meli.

"Alizipenda?"

"Hakufika, Mama. Babake alifariki yeye akiwa huko juu karibu na Nyeri, akarudi kwao kwa ndege akiwa ameshakuwa malkia. Meli yake, Gothic, ilikuwa hapa bandarini inamngoja."

"Kwa hivyo mji ulipambiwa mtu ambaye hakuja."

"Mdogo wake, Margaret, alikuja mwaka 1956."

Akanyoosha mkono akagonga pembe kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama sufuria, maana ni aluminiamu. Akafungua daftari papo hapo, magari yakipiga honi, akaandika: 4/10. Si pembe.

Kutoka hapo, Fort Jesus. Jua limekaa utosini. Ngome ile imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawe yale hulipokea joto la asubuhi nzima kisha hukurejeshea wewe mchana, bila upungufu. Wenyeji wanajua kwamba Fort Jesus huendewa asubuhi na mapema, au jioni upepo ukishaanza kupanda kutoka baharini. Saa saba huwa kuna wageni peke yao, na wake zao, na wakwe zao.

Kiongozi aliyetuchukua mlangoni alikuwa kijana mchangamfu, ameegemea ukuta. Akaanza kwa ile sauti ya kukariri: Wareno, mwaka 1593, mchoraji ni Muitaliano Cairati, ukiitazama kutoka juu ngome ina umbo la mtu aliyelala...

"Simama wima," alisema mama mkwe.

Kijana akasimama wima. Kufika swali la tatu mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo. Aliulizwa kwa nini Wareno waliitaka Mombasa, akajibu vizuri habari za njia ya India. Aliulizwa nani aliwatoa, akajibu Waomani. Aliulizwa kwa njia gani, naye akaeleza ule mzingiro ulioanza Machi 1696 na kuisha Disemba 1698, na jinsi waliokuwa ndani walivyokufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa silaha. Hapo mama mkwe akatafuta mahali pa kukaa. Alikuwa ameegemea mzinga mmoja akatoka upesi, kwa sababu chuma kile kilikuwa tayari kwa kupikia chapati.

"Miaka miwili na miezi tisa," alisema, akijipepea kwa daftari. "Mimi dakika ishirini zimenitosha."

Kijana, ambaye sasa alitaka kufaulu, akaongeza bila kuulizwa kwamba Waingereza waliifanya jela hadi mwaka 1958, na kwamba UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Alipata 9. Ngome yenyewe ilipata 8. Historia nzuri. Kivuli hakitoshi. Na ukiniuliza mimi niliyezaliwa Majengo, mwendo wa miguu kutoka pale, sijasikia tathmini ya haki kuliko hiyo.

Mji wa Kale tuliupita haraka, kwa sababu baada ya ngome mtu hana macho ya kuangalia mlango wa nakshi. Alikagua Msikiti wa Mandhry kwa nje, akaambiwa ni wa mwaka 1570, akatikisa kichwa kwa heshima. Kahawa chungu ilipata 6: Ina uchungu bila sababu. Kashata iliyoandamana nayo ilipata 10, na zingine zikaingia kwenye mkoba.

Siku ya bahari ndiyo niliyoiogopa. Kwenye orodha iliandikwa tu: Jomo Kenyatta Public Beach, kuogelea. Sisi tunaiita Pirates. Nilitazama mwezi usiku wake, nikaona ni mpevu, nikajua. Mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika bamvua za kwetu kupwa huangukia hapo kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Nikamdokezea mke wangu kwamba ingefaa tutoke alasiri. Mke wangu akamdokezea mamake. Jibu likarudi: "Ratiba ni saa nne."

Tukafika saa nne. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni la kuogelea chini ya dera, na miwani mieusi, na ndala mpya. Akapanda kitelemko cha mchanga, akasimama.

"Bahari iko wapi?"

Ilikuwa huko. Ukikaza macho uliweza kuona mstari mweupe, mahali mawimbi yanapovunjikia mwambani. Kati yetu na mstari ule kulikuwa na mchanga, majani ya bahari, vidimbwi, mashua zilizolala ubavu, na watu wadogo sana wakitembea.

Nikaanza kueleza. Maji hupwa, hujaa, saa sita kwenda, saa sita kurudi, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini.

"Kwa hivyo kesho itafika saa nyingine."

"Ndiyo, Mama."

"Na keshokutwa saa nyingine tena."

"Ndiyo, Mama, lakini inafuata mwezi, si kwamba..."

Hakunisikiza. Nilichungulia daftari. Mbele ya Bahari ya Hindi alikuwa ameandika: Mchelewaji.

Akaamua tuingoje. Tukatandika leso chini ya mvinje, tukapanga vikapu, viatu, mahamri, chupa za maji. Wakapita wenye maembe ya pilipili, wenye shanga, wenye mashua za kioo chini, na yule mwenye ngamia. Kila ufuo wa Mombasa una mwenye ngamia, na hakuna mtu wa Mombasa aliyewahi kumpanda ngamia wake. Mama mkwe aliuliza bei, akaambiwa, akamwuliza yule bwana kama kuna bei nyingine ya wastaafu. Wakaelewana. Jambo ambalo hakuna anayekwambia kuhusu ngamia ni kwamba huinuka nyuma kwanza. Mtu aliye juu huelekezwa ardhini uso kwa uso, ghafla, halafu mbele nako kukainuka na ukarudishwa ulikotoka. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema, "Wewe! Taratibu!" kwa sauti iliyowafanya watoto wawili wa watu wengine waache kurushiana mchanga. Ngamia: 5/10. Ana nidhamu lakini hana mpangilio.

Tukala. Tukalala kidogo. Hapo Pirates mchanga ni tambarare, na bahari ikirudi kwenye mchanga tambarare hairudi kwa mawimbi ya kukutisha. Inateleza tu. Niliamshwa na baridi kwenye kisigino. Nilipofumbua macho, chupa ya maji ilikuwa inaelea, kikapu cha mahamri kimejaa supu, na ndala moja mpya ya mama mkwe ilikuwa safarini kuelekea Bamburi. Vijana waliokuwa wakicheza mpira waliiona, wakaikimbiza kwa nia njema na vurugu kubwa, wakaikosa. Daftari liliokolewa na mtoto wa miaka kama sita, ambaye alipewa kashata na mtihani mdogo wa hesabu.

Maji sasa yalikuwa mazuri, ya uvuguvugu, kifuani. Mama mkwe akaingia na dera lake lote. Akakaa humo hadi vidole vikakunjamana. Alipotoka akafuta mikono, akaongeza chini ya Mchelewaji: Amefika. Amechukua kiatu. 7/10.

Haller Park nilidhani atapenda twiga, ambao huja kulishwa kwa mkono kwa saa maalumu, na kwa mara moja tulifika kwa wakati. Aliwapa chakula, akafuta ulimi wa twiga kwenye kiganja, akasonga mbele. Habari ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Disemba 2004 akaja kujishikiza kwa kobe mzee aitwaye Mzee, aliisikiliza kwa upole. Kilichomshika ni majongoo. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu, chumvi, hakuna udongo. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyokubali. Lakini majani yake makavu hayakuoza, yakalala tu chini, hadi akaletewa majongoo, yakayala, yakayageuza mboji, na hapo ndipo msitu ukaanza. Mama mkwe ana ekari za mahindi. Alichuchumaa kwenye kijia, akachota udongo, akaunusa, akausugua kati ya vidole, huku familia ya watalii ikituzunguka kwa wasiwasi.

"Huu umetoka kwenye mwamba?"

"Ndiyo, Mama."

Jongoo: 10/10. Twiga hakupewa alama.

Ikabaki Diani, na Diani iko kusini, na kwenda kusini sisi huvuka Likoni. Feri haikuwa kwenye orodha. Sijaiona kwenye orodha yoyote, na hilo kwangu ni uthibitisho kwamba waandishi wa orodha hushukia uwanja wa ndege na kuishia Nyali. Nilikuwa nimekusudia tuvuke mapema. Tulitoka nyumbani saa kumi, kwa sababu za kutafutana ndala, tukafika kivukoni saa ile ambayo Mombasa nzima inatoka kazini na nusu yake inaishi ng'ambo.

Wanaovuka kwa miguu hawalipi. Nilipomwambia hivyo alisimama.

"Hawalipi kitu?"

"Hata senti."

Tukaingia. Maelfu ya watu, wauza njugu, mikokoteni yenye magunia, baiskeli, mbuzi mmoja. Katikati ya mkondo feri ikapunguza mwendo, meli ya makontena ikatupita mbele ikielekea Kilindini, ndefu kiasi kwamba ilituzibia jua lote la magharibi. Mama mkwe alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Tulipofika Likoni, watu wakamwagika, nami nikaanza kutafuta matatu ya Ukunda.

"Turudi," alisema.

"Mama, Diani iko mbele, tukichelewa hatutaona kitu."

"Nataka kukaa upande ule mwingine."

Tukarudi. Kisha tukaenda tena. Mke wangu akanunua njugu. Giza likaingia, taa za bandari zikawaka, tukarudi tena upande wa kisiwani, na ni hapo, wakati wa kushuka, umati ulipoanza kukimbia kupanda ule mteremko kama unavyofanya kila jioni ya kila siku, ndipo mama mkwe aliposimama pembeni na kutoa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi Ganjoni.

"HAKUNA KUKIMBIA!"

Naapa, walipunguza. Si wote. Lakini safu zilizokuwa karibu nasi zilianza kutembea, na mwanamume mmoja mwenye kifua kipana, gunia la vitunguu begani, aligeuka akasema, "Samahani, mwalimu."

Aliipa feri 9, akitoa moja kwa ajili ya wakimbiaji. Diani nayo ilikuwa bado ipo kwenye mstari wake, nafasi tupu kulia. Aliitazama kidogo chini ya taa ya barabarani, akafungua kalamu, akaandika: Hayupo.