Mjanja, Bunduki na Kodi ya Ng'ambo: Mwongozo

Kati ya Portland, jimbo la Oregon, na Vancouver, jimbo la Washington, unapita mto Columbia, na juu yake kuna daraja la chuma la barabara kuu ya Interstate 5. Upande wa kusini, bei iliyobandikwa kwenye bidhaa ndiyo utakayolipa, kwa kuwa Oregon ni mojawapo ya majimbo matano ya Marekani yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo. Mengine ni Alaska, Delaware, Montana na New Hampshire. Upande wa kaskazini jimbo linachukua 6.5%, kisha kaunti na miji inapandisha yake juu, mpaka Seattle imeshavuka 10%. Aliyezoea Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, anajua mpaka ni geti, maofisa na foleni ya malori. Hapa hakuna hata ofisa mmoja wa ushuru. Unavuka tu.

Hapo ndipo Mjanja anapozaliwa. Anaishi Washington, ameiona bastola Portland kwa bei nzuri, na moyoni anasema: nikinunua kule, kodi itabaki kule kule. Mwongozo huu ni wake, na nataka ausome mpaka mwisho, maana yuko karibu kubadilisha deni la dola sitini na kitu kwa kesi ya jinai.

Mjanja, anza kwa kufahamu unadaiwa nini. Kodi ya mauzo hutozwa pale kitu kinapouzwa. Kodi ya matumizi ni pacha wake: hutozwa pale kitu kinapotumika, ikiwa kilinunuliwa bila kulipiwa kodi ya mauzo. Viwango ni vilevile. Washington iliziweka zote mbili mwaka 1935, katikati ya dhiki kuu ya uchumi, na muda si mrefu zikafikishwa mahakamani. Wakandarasi waliokuwa wakijenga bwawa la Grand Coulee, kwenye mto huuhuu wa Columbia, walikuwa wamenunua mitambo majimbo mengine na kuileta kazini. Jimbo likawadai kodi ya matumizi ya 2%. Wakapinga wakidai kwamba huko ni kutoza biashara ya kati ya majimbo. Mwaka 1937 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Benjamin Cardozo, ikawaambia kwamba kodi haiangukii safari ya mtambo. Inaangukia matumizi yake ukishatulia mahali, na aliyekwisha kulipa kodi kwingine anapunguziwa kiasi alicholipa. Kwa hiyo Mjanja anayesema leo kwamba Washington haina haki ya kumgusa kwa kitu alichonunua Oregon, hoja yake ilishindwa na watu wenye mawakili wa nguvu kabla babu yake hajaota ndevu.

Tuseme ukweli pia: kodi hii watu wengi hawailipi. Sofa likivuka daraja juu ya pikapu, nani ataliona? Sheria inamtaka mwenye sofa ajaze mwenyewe fomu ya kodi ya matumizi na kuipeleka Idara ya Mapato ya jimbo. Kwa kuwa mishahara ya Washington haikatwi kodi ya mapato ya jimbo, hakuna hata ile fomu ya kila mwaka ambayo ingeweka mstari wa kumkumbusha. Jimbo linategemea hisani yake.

Bunduki si sofa. Tangu Sheria ya Kudhibiti Silaha ya mwaka 1968, mtu binafsi haruhusiwi kumuuzia wala kumpa bunduki mtu wa jimbo jingine moja kwa moja. Lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, na kama ni bastola, awe muuzaji wa jimbo analoishi mpokeaji. Duka la Portland haliwezi kumkabidhi Mjanja bastola hata akiweka fedha taslimu mezani. Litaifunga kwenye boksi na kuituma kwa duka lenye leseni huku Washington, na Mjanja ataifuata huko. Sheria hiyo ilitungwa baada ya mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy, nayo ilikuwa ikifikiria damu. Kodi haikuwemo. Lakini kwa kulazimisha kila bunduki ya ng'ambo ipite juu ya kaunta, imeipa kodi ya matumizi kitu ambacho sofa haliwezi kuipa: mahali pa kusimama.

Tazama kaunta hiyo kwa karibu. Boksi linafika na ankara ndani ya mfuko wa plastiki. Muuzaji analifungua, anaisoma namba ya bunduki iliyochongwa kwenye chuma, anaiandika kwenye daftari la silaha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na jina la aliyeituma. Mjanja anatoa kitambulisho chenye anwani ya Washington. Anajaza Fomu 4473, ile fomu ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, na kutia sahihi kwamba majibu yake ni ya kweli. Ukaguzi wa rekodi unafanywa. Tangu Januari 2024, Washington inamsubirisha siku 10 za kazi, na lazima aonyeshe pia cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Baada ya hayo ndipo muuzaji anaitazama ankara na kuuliza: kodi imelipwa?

Ujibu ukiwa na karatasi mkononi. Tuchukue mfano wa bastola ya dola 700, usafirishaji dola 40, na kiwango cha 9% kwa wepesi wa hesabu. Kodi inahesabiwa juu ya 740, kwa kuwa Washington inaihesabu gharama ya usafirishaji uliyomlipa muuzaji kuwa sehemu ya bei. Jibu ni dola 66 na senti 60. Ada anayotoza mwenye duka kwa kupokea boksi na kushughulikia karatasi ni jambo jingine. Mpigie simu kabla hujanunua, umuulize ada yake na namna anavyoshughulikia kodi.

Kuna kosa moja ambalo huwaumiza watu waaminifu kuliko wajanja, na hili ndilo lililonisukuma kuandika. Zamani muuzaji wa mbali asiye na duka wala ghala ndani ya jimbo hakulazimika kukusanya kodi yake. Tarehe 21 Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama Kuu ikaondoa kinga hiyo. Tangu hapo, maduka makubwa ya mtandaoni yanayouza hadi Washington hukata kodi ya Washington wakati huohuo unapolipia. Mnunuzi asiyeitazama ankara yake anafika kaunta, anaulizwa juu ya kodi, anaona haya kuuliza, analipa tena. Wageni wa nchi ndio wanaonyamaza zaidi, kwa kudhani kila dola inayotajwa na Mmarekani nyuma ya kaunta ni ya serikali. Usinyamaze. Chapisha ankara, tafuta mstari unaoonyesha kodi, uuzungushie kalamu, uuweke mezani. Na ikiwa mstari huo haupo, basi unadaiwa. Lipa, upewe risiti.

Sasa hila zako, Mjanja, moja baada ya nyingine.

Unasema una binamu Portland na utatumia anwani yake. Fomu 4473 inauliza unaishi wapi, si una ndugu wapi. Kudanganya hapo ni kosa la jinai la serikali kuu. Huna ujanja wowote hapo, umejiandikia ushahidi kwa mkono wako.

Unasema utakutana na muuzaji binafsi wa Oregon kwenye maegesho ya magari, mpeane mkono na bahasha. Kama hana leseni na wewe ni wa Washington, kosa limekamilika hapohapo, ninyi nyote wawili, kabla hata hamjafikia habari ya kodi. Kinachosikitisha zaidi katika hila hii ni kwamba haina faida yoyote. Washington haitozi kodi ya matumizi kwa bunduki inayouzwa kati ya watu wawili binafsi wasio na leseni, mradi wamefuata taratibu zote za ukaguzi wa rekodi. Msamaha huo uliingizwa na kura ya wananchi ya mwaka 2014, hiyohiyo iliyolazimisha ukaguzi kwa mauziano binafsi. Yaani Mjanja anavunja sheria ya serikali kuu ili akwepe kodi ambayo, kama angepita kwa muuzaji mwenye leseni, asingedaiwa.

Unasema utamwomba muuzaji aandike dola 100 kwenye ankara ya dola 700. Malipo ya kadi yataonyesha 700. Hila hii ni ya kitoto.

Unasema utamtuma rafiki anunue kwa jina lake, kisha akupe. Hapa nakuomba utulie, nikusimulie ya Bruce Abramski. Alikuwa mkazi wa Virginia aliyewahi kuwa polisi, na duka fulani lilikuwa likiwapa polisi punguzo. Mjomba wake aliyekuwa akiishi Pennsylvania alitaka bastola aina ya Glock 19. Mjomba akamtumia cheki ya dola 400, na kwenye cheki akaandika ni ya nini. Mwaka 2009 Abramski akainunua, na kwenye fomu akatia alama kwamba yeye mwenyewe ndiye mnunuzi halisi. Kisha akafanya jambo sahihi kabisa: akaipeleka Pennsylvania, wakaenda kwa muuzaji mwenye leseni, mjomba akakaguliwa na kukabidhiwa. Wote wawili walikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha. Hata hivyo Abramski alishtakiwa na kutiwa hatiani kwa ile alama moja kwenye fomu, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikathibitisha, majaji 5 kwa 4. Jaji Elena Kagan aliyeandika hukumu alieleza kwamba ukaguzi wote hauna maana ikiwa mwenye fedha na mwenye bunduki hasimami mbele ya kaunta. Mimi nakubaliana naye, ingawa namhurumia Abramski. Uongo wa aina hiyo adhabu yake inafika miaka 10 gerezani. Yeye alipewa uangalizi wa nje, akabaki na rekodi ya jinai, kwa ajili ya punguzo la bei. Na kama yule unayemnunulia ni mtu aliyekatazwa silaha, sheria iliyotiwa sahihi Juni 2022, baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Uvalde, Texas, imeiweka adhabu kuwa hadi miaka 15.

Nasikia malalamiko, na sehemu yake ni ya haki. Jimbo linaloegemea kodi ya mauzo linamkamua zaidi mwenye kipato kidogo, kwa sababu yeye hutumia karibu kila dola anayopata. Mlinzi wa usiku anayejinunulia bastola kwa ajili ya kazi analipa asilimia ileile na mwenye nyumba kando ya ziwa. Tena kodi hii si ya kwanza kuigusa bunduki hiyo. Mtengenezaji au mwagizaji ameshalipia ushuru wa serikali kuu, 10% kwa bastola na 11% kwa bunduki za mitutu mirefu, ambao hupelekwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori chini ya sheria ya mwaka 1937. Maduka yaliyo ndani ya Seattle hulipa dola 25 zaidi kwa kila bunduki inayouzwa rejareja, kwa sheria ya jiji iliyoanza kazi Januari 2016. California imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024 inaongeza ushuru wake wa 11% juu ya kodi ya mauzo. Mambo haya yana mahali pa kupigiwa kelele, nako ni kwenye sanduku la kura na kwa wabunge wa jimbo huko Olympia. Fomu 4473 si mahali pa maandamano.

Mambo matatu ya haraka kwa wasio wajanja. Uliyenunua bunduki ya mtutu mrefu dukani Idaho, jambo linalowezekana tu pale sheria za majimbo yote mawili zinaporuhusu, na ukakatwa 6% ya kule, Washington inakudai tofauti tu: kwa dola 700 ulilipa 42, kwa kiwango chetu cha 9% ingekuwa 63, basi unadaiwa 21. Uliyerithi bunduki ya mzee wako aliyefia jimbo jingine, sheria ya serikali kuu inakuruhusu kuipokea kwa njia ya mirathi bila kupita kwa muuzaji mwenye leseni, ila uwe na karatasi za mirathi, na silaha yenyewe iwe halali huku. Na uliyehamia Washington na vitu vyako binafsi ulivyovitumia zaidi ya siku 90 kabla ya kuingia, hutozwi kodi ya matumizi kwa vitu hivyo.

Kwa wanafunzi na wageni walio Marekani kwa viza za muda, tafadhali msianze habari ya kodi kabla ya hii. Kwa kawaida mwenye viza ya namna hiyo haruhusiwi kununua wala kushika bunduki kabisa, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, akipita ukaguzi kama raia. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata huyo mwenye kadi, na familia yake ikabaki. Kaka au dada wa nyumbani akikuomba umshikie bunduki yake kwa wiki moja tu akiwa safarini, mwambie hapana kabla hajamaliza sentensi.

Na wewe uliyegundua sasa hivi kwamba mwaka jana ulilipa mara mbili, mtandaoni na kaunta: tafuta ankara yenye mstari wa kodi na risiti ya duka la huku, uzipige picha zote mbili, kisha rudi kwanza kwa mwenye duka. Kama bado hajaipeleka kodi hiyo kwa jimbo, anaweza kukurudishia mwenyewe. Kama ameshaipeleka, muulize nani kati yenu atume ombi la kurejeshewa kwa Idara ya Mapato ya jimbo, na umwombe akuandikie kiasi na tarehe aliyoipeleka.