Samahani, Tuliugua Kabla ya Tarehe

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Dharura za Afya,
Kinshasa, Addis Ababa na Geneva.

Yahusu: Kuomba radhi kwa kuugua bila kibali

Waheshimiwa,

Kwa unyenyekevu mkubwa, sisi wakaaji wa Kivu Kusini tunakiri kosa. Septemba 2023, kule Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, watu walianza kutoka vipele vya mpox nanyi hamjatangaza dharura. Kufikia mwisho wa Februari 2024, wagonjwa 108 walikuwa wamethibitishwa, na watafiti wakagundua aina mpya ya kirusi, Ib. Utovu wa adabu ulioje!

Ninyi mlishika utaratibu. Mlingoja hadi Julai 2024, kirusi kilipobisha hodi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Ndipo Agosti 13 Addis Ababa, yaliko makao ya Africa CDC, ikatangaza dharura ya bara, na kesho yake Geneva, yaliko makao ya WHO, ikatangaza ya dunia. Somo tumelielewa: dhahabu yetu huvuka mpaka bila kutangazwa, lakini maradhi yetu hayatangazwi mpaka yavuke.

Kuhusu chanjo, hatulalamiki. Mpox ilipozuka Ulaya na Marekani mwaka 2022, chanjo ilikimbizwa huko upesi. Hapa Kongo, ambako mgonjwa wa kwanza alijulikana mwaka 1970, dozi za kwanza zilitua Kinshasa Septemba 2024. Miaka 54 si mingi kwa mtu anayepanga foleni kwa heshima.

Februari 2025 waasi wa M23 wakaingia Bukavu, ndege za uwanja wetu wa Kavumu zikasimama. Dawa ziliomba ruhusa kwenye kila kizuizi. Kirusi hakikuomba popote. Tunapendekeza kiitwe kwenye semina kifundishwe taratibu.

Halafu, Septemba 2025, Geneva ikasema dharura imekwisha. Addis Ababa ikasema bado ipo. Mgonjwa wa Kadutu, hapa Bukavu, akauliza: apone kwa saa ya Geneva au aendelee kujikuna kwa saa ya Addis?

Kwa hiyo tunaomba machache. Safari ijayo, dharura ihesabiwe tangu mgonjwa wa kwanza wa Kamituga, si tangu msafiri wa kwanza mwenye pasipoti. Mama na baba wanaozunguka mitaani nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa walipwe kabla ya kukodi ukumbi wa mkutano. Na kabla ya kubandika bango jingine la kutuhimiza kunawa mikono, mpitie Kadutu mfungue bomba moja. Ziwa Kivu tunaliona vizuri kutoka huku juu. Kinachokosekana ni maji.

Kama hayo ni mazito, basi tutumieni angalau kalenda ya mwaka ujao, mtuwekee alama kwenye tarehe tutakazoruhusiwa kuugua. Tutajitahidi kuzifuata.

Wenu mtiifu,
Mkaaji wa Kadutu, Bukavu