Kuku Hawataki Kulala Chini

Kuku wa kienyeji akilazwa chini huona amedharauliwa. Babu zake, kuku mwitu wa misitu ya Asia, walilala mitini, na kizazi kilichofika Kibera hakijaambiwa kwamba miti imekwisha. Hapa Laini Saba kilichobaki juu ni mabati, antena na tangi la maji la jirani.

Wangu niliwanunua Kawangware, wakapanda bodaboda ndani ya katoni. Tulipofika Adams Arcade, tetea mmoja alitoboa katoni, akachomoza shingo na kuikagua Ngong Road kama diwani mpya. Dereva akauliza, "Madam, huyu analipa kama abiria ama kama mzigo?"

Nyumbani fundi alikuwa ameshatengeneza banda la heshima. Fito zilipigwa randa hadi kingo zikalainika, zisiumize nyayo, na zote zikawekwa kimo kimoja, maana kuku wakipewa ngazi watapigania ya juu usiku kucha. Kila mmoja alitengewa sentimita 20 za kukaa. Wakatazama, wakaenda kulala juu ya tangi.

Nusu ya tatizo ilikuwa woga. Garimoshi likipiga honi, wanaruka. Sufuria ikianguka, wanaruka. Nikikohoa, ndiyo usiseme. Nyanya mmoja Mnubi wa Makina akanionea huruma: "Mwanangu, usiwakodolee macho, anayekodoa ni mwewe. Kaa, tazama pembeni, mwaga mahindi, nyamaza. Na uwahamishe usiku, kuku haoni gizani."

Basi kila jioni nilikaa kwenye stuli nikitazama ukuta, hadi majirani wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko sawa. Mvua ikaleta kumbikumbi, na mbele ya kumbikumbi hakuna kuku mwenye msimamo. Wakala mkononi mwangu.

Ushauri wa usiku ndio ulioleta kesi. Stima ilipopotea nilipanda kwenye tangi, nikamtia tetea mmoja kwapani, nikamfuata mwenzake. Kuku walitulia kweli. Aliyepiga kelele ni jirani: "Mwizi wa kuku!"

Mtaani kwetu neno hilo halingojei maelezo. Tochi za simu zikawaka kila mlango. Nikasema kuku ni wangu.

"Kila mwizi husema hivyo," akajibu mama mboga, ambaye namdai chenji, kwa hiyo ananijua vizuri.

Kilichoniokoa ni vitambaa vyekundu nilivyowafunga miguuni, vipande vya rinda ambalo ploti nzima ililikumbuka, wengine kwa kicheko. Hapo kesi ikageuka harambee. Kila mtu akabeba kuku wake hadi kwenye fito, akitoa maoni kuhusu kazi ya fundi.

Siku hizi jua likizama matetea wanapanda wenyewe. Jogoo ndiye aliyezoea watu kupita kiasi: analala kwenye mgongo wa sofa, na saa kumi alfajiri anawikia hapo hapo. Ukuta kati yangu na mwenye tangi ni bati moja. Juzi alibisha hodi, akakataa chai, akaniuliza kwa upole bei ya jogoo akiwa ameshachinjwa.