Kulipia Moto Usiouota

Msyuu! Jamani, ndugu aliye Uingereza akisema mwezi huu hana cha kutuma, msikimbilie kumwita bahili. Kila Januari hapa kijiweni lazima atokee mtu, kikombe cha kahawa mkononi, amseme dada yake anayelea wazee kule kwamba ameshasahau kwao. Hajasahau. Hela imeishia kwenye mita.

Nyumba nyingi za kule zinapashwa joto kwa gesi ya bomba. Shirika la Afya Duniani linashauri ndani pasishuke chini ya nyuzi 18. Sisi Dar, usiku wa Julai ukikaribia hapo tu, tunatafuta sweta. Wenzetu wapo wanaolala pabaridi kuliko hapo, koti mwilini, mtoto kabanwa katikati ya wazazi, ukutani ukungu mweusi.

Mwishoni mwa 2021, nyumba ya kawaida ilikadiriwa kulipa pauni 1,277 kwa mwaka, gesi na umeme. Urusi ikaivamia Ukraine, bei ya gesi ikapaa, na kufika Oktoba 2022 makadirio yakawa pauni 2,500. Hapo serikali imeshatia mkono wake, bila hivyo ingekuwa 3,549. Niambieni, mshahara wa yule dada nao ulipanda mara mbili?

Lakini bei peke yake isingenisonyesha hivi. Luku, mita yetu ya kulipia umeme kabla, ni ya kila mtu, tajiri na kabwela. Kule mita ya kulipia kabla mara nyingi ni ya aliyelemewa na deni, au mpangaji aliyeikuta ukutani. Na mpaka katikati ya 2023 watu hao walitozwa zaidi kuliko wanaokatwa benki kila mwezi! Asiye nacho alipe mapema, tena alipe zaidi. Aka! Haki ya wapi hiyo?

Halafu kuna tozo ya kila siku, inahesabiwa uwashe usiwashe. Mnaijua kodi ya jengo: tangu Agosti 2021 unanunua luku, kodi inakatwa kwanza, na pengine nyumba yenyewe umepanga. Basi chukueni uchungu huo muutie kwenye baridi ya Januari. Mama kazima gesi wiki nzima ili abane matumizi. Siku akipata pauni 10 akaweka, mita inameza kwanza tozo za siku zote alizotetemeka, na kipande cha deni juu yake. Kinachobaki ndicho cha kumpashia mtoto. Amelipia moto ambao hakuuota.

Na si wote walioziomba mita hizo. Mahakimu walikuwa wanatoa hati za kuingia majumbani kwa mafungu, watu wa kampuni wanafika na fundi wa kufuli, wanaingia. Februari 2023 gazeti la The Times likaanika jinsi walivyoingia hata kwa wagonjwa na walemavu, ndipo amri ikatoka wasimamishe. Mpaka gazeti liseme! Msimamizi wa nishati yupo, ana ofisi, ana sheria, na watu walikuwa wanafunguliwa milango wao wakiwa ndani.

Wazee nao, mwaka 2024 wastaafu wapatao milioni 10 waliondolewa kwenye posho ya baridi, pauni 200 hadi 300. Kelele zikapigwa, mwaka uliofuata walio wengi wakarudishiwa. Baridi moja ilikuwa imeshapita juu yao.

Mimi nasema tozo ile ya kila siku iondolewe kwa wenye mita za kulipia kabla, na gharama zake zibebwe na wanaotumia nishati nyingi. Msiniambie haiwezekani. Hapa Tanzania tozo ya huduma ya kila mwezi kwenye umeme wa majumbani ilifutwa mwaka 2016, na luku tunanunua mpaka leo. Nchi yenye uwezo wa kumruhusu fundi wa kufuli afungue mlango wa mgonjwa haiwezi kukosa uwezo wa kufuta mstari mmoja kwenye bili yake.